Nimepewa kuandaa mafunzo elekezi ya vibarua wa parachichi, nianzie wapi?

DadaWaKatumba aliandika:

Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Niko Rungwe, kwenye pakihausi ya parachichi, yaani kituo cha kupanga na kufungasha matunda, siyo kubwa sana. Msimu ukianza tunachukua vibarua kama sitini hivi, wengi akina mama wa vijiji vya jirani na vijana waliomaliza kidato cha nne. Mwaka huu mkurugenzi kanitoa kwenye meza ya kupokea mzigo, kaniambia, "Wewe unajua kuongea na watu, andaa mafunzo elekezi." Basi. Mwongozo hakuna, na aliyeifanya kazi hii kabla yangu hayupo.

Mpaka sasa tunafanya hivi. Siku ya kwanza watu wote wanakalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Meneja anasimulia historia ya kampuni. Mtu wa ubora anaongea usafi. Mhasibu anaongea namba za NIDA na simu za malipo. Mtu wa usalama anainua mtungi wa kuzimia moto juu, anaushusha. Mchana wanasaini fomu kwamba wameelewa, wanakula wali maharage, wanaingia ndani. Ukipita mstari wa kufungasha saa nane unakuta mama kashika tunda kwa kucha, kijana kakalia kreti yenye mzigo, mwingine kavaa neti ya nywele huku hereni zinaning'inia nje. Na wote wamesaini.

Wavunaji ndiyo kabisa. Wanapandishwa kwenye fuso alfajiri kwenda shambani, hata hilo turubai hawalioni. Wakifika wanavuta tunda, kikonyo kinabaki mtini. Mnaojua parachichi mnaelewa: pale kikonyo kilipong'oka ndipo ukungu unapoingilia, na uozo wenyewe hauonekani hapa Tukuyu. Unaonekana wiki kadhaa baadaye boksi likifunguliwa Ulaya, ndipo inakuja barua pepe yenye picha.

Ninachoomba: siku ya kwanza nibakize nini na nitupe nini? Nani afundishe, mimi au akina mama wazoefu? Na nitajuaje kama mtu kaelewa, ukiacha ile saini? Mjue pia kwamba baadhi ya mama zetu Kiswahili cha ofisini kinawapita; ukiongea Kinyakyusa ndipo wanacheka na kuanza kuuliza. Mkaguzi wa GLOBALG.A.P., kile kiwango cha kimataifa cha kilimo bora, naye akija anataka kumbukumbu za mafunzo, kwa hiyo karatasi siwezi kuzikimbia.

Msinipe majibu ya semina, tafadhali.

---

AfisaWaForest alijibu:

Dada, hongera kwa cheo. Mimi niko Mbeya mjini, upande wa hoteli. Nitaongelea karatasi tu, maana ndizo zinazowapeleka watu CMA, kule kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Tenganisha usajili na mafunzo. NIDA, NSSF, namba ya simu ya malipo, ndugu wa kupigiwa mtu akiumia, vyote hivyo vimalizwe mezani mmoja mmoja kabla ya siku ya kuanza kazi. Usiwaweke watu sitini kivulini wakimsubiri mmoja anayetafuta kitambulisho chini ya mkoba.

Hapo hapo mezani mpe maelezo ya ajira kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayataka: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani na yanakokotolewaje. Na kama mtu hayaelewi yaliyoandikwa, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amweleze kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo Kinyakyusa chako usikione kama huruma kwa mama watu wazima. Ni wajibu wa kampuni.

Halafu hiyo fomu ya "nimeelewa yote". Kijana akiumia mkono hakuna atakayekuuliza kama alisaini. Utaulizwa alifundishwa nini, na nani, lini, kwenye kifaa kipi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamdai mwajiri maelezo, mafunzo na usimamizi, siyo saini. Kila mtu awe na karatasi yake moja yenye majina ya kazi atakazozifanya, na mbele ya kila kazi tarehe, jina la aliyemfundisha na jina la aliyemkagua. Karatasi hiyo OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wataielewa, na mkaguzi wako wa GLOBALG.A.P. ataielewa.

Mambo ya kufundisha kazi yenyewe nawaachia wa viwandani.

---

MzeeWaMafinga alijibu:

Kamwene dada. Marahaba.

Nimekula chumvi kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi, nikahamia kwenye mbao, na mpaka leo nasimamia vijana wa mashine hapa Mafinga. Bwana wa Forest kamaliza upande wa karatasi. Mimi nitasema juu ya mikono, halafu juu ya mifuko, na hapo kwenye mifuko ndipo nataka usome mara mbili.

Turubai livunje. Mtu mpya siku ya kwanza kaacha mtoto kwa jirani, hajui choo kiko wapi, anatafuta kwa macho kama kuna mtu wa kijijini kwao. Historia ya kampuni unamwagia nani? Siku ya kwanza mimi nabakiza yale tu ambayo bila kuyajua mtu anaweza kuumia au kuondoka kabla ya jioni: asimame wapi na asisimame wapi, mashine inazimwa vipi, akiumia amwambie nani, choo, maji, chakula, saa ya kutoka, na pesa yake inahesabiwaje. Kwenu ongeza kunawa mikono, kucha na hereni. Saa moja inatosha, na hamkai, mnatembea. Tukifika kwenye kitufe cha kuzimia, kila mmoja anakibonyeza kwa mkono wake, mashine ikiwa inazunguka, mpaka aisikie inanyamaza. Huku kwenye dingdong, mashine ya kupasulia mbao, hilo sina mjadala nalo. Kijana ukimwambia kwa mdomo asifagie vumbi la mbao karibu na msumeno unaozunguka, ataitikia "sawa mzee", na mkono utakwenda tu, kwa sababu mkono haukuwepo kwenye maongezi.

Historia ya kampuni mkurugenzi aisimulie siku ya kufunga msimu, kwenye soda.

Sasa kazi yenyewe. Kuna utaratibu wa zamani ambao bado sijaona unaouzidi kwa kazi za mikono. Wamarekani waliutengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye mpango wa serikali uliofahamika kwa herufi TWI (Training Within Industry, mafunzo ndani ya viwanda), ulioanza 1940 na kufungwa 1945. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda jeshini, viwandani wakaingia wanawake na watu wasiowahi kushika mashine, na mizigo ya vita inasubiriwa. Wakaamua kuwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walipata vyeti vya mpango ule. Baada ya vita ukapelekwa Japani, na Toyota wakaukuza kwenye viwanda vyao. Mimi niliukuta kwenye chai, kwa mhandisi mmoja mkali ambaye hakuruhusu mtu aitwe mwalimu kabla hajafundisha mbele yake.

Uko hivi. Kabla hujamwita mtu, igawe kazi kwenye karatasi. Andika hatua kubwa. Kwa kila hatua andika lile jambo ambalo likikosewa, hatua nzima imeharibika. Pembeni andika sababu. Sababu ndiyo watu wengi wanairuka, na mtu asiyejua sababu atatii ukiwa umesimama tu. Mvunaji wako ukimwambia "usivute", atavuta ukigeuka. Chukua tunda lililovutwa, liache liive, lipasue mbele yake pamoja na lenzake lililokatwa kwa mkasi. Aone weusi ulipoanzia juu. Hapo hata ukienda zako atatafuta mkasi.

Ukishaigawa, mchukue mgeni mmoja, wakizidi wawili. Muulize kama amewahi kuifanya kazi hiyo popote, maana wengine wametoka pakihausi za Njombe na unaweza kuwachosha bure. Msimamishe upande wako akitazama mnakotazama wote. Akikaa mkabala nawe, mkono wako wa kulia kwake unakuwa wa kushoto. Ifanye kazi mbele yake ukitaja hatua tu. Ifanye tena, sasa ukitaja yale mambo ya kuangalia. Ifanye tena na sababu zake. Kisha yeye. Mara ya kwanza afanye, umsahihishe hapo hapo kabla kosa halijazoeleka. Baadaye afanye huku akikufundisha wewe, akitaja hatua, jambo, sababu. Akikwama kwenye sababu, bado hajajua. Ndiyo jibu la swali lako la saini. Akiweza, mwache, mwonyeshe mtu wa kumuuliza kwa jina, na urudi kumwangalia mara kwa mara siku hiyo, kesho yake mara chache, na kuendelea hivyo.

Hakuna aliyejifunza kusukuma chapati kwa kusomewa. Na mama akifundisha kwa Kinyakyusa, mwache afundishe kwa Kinyakyusa.

Sasa mifuko. Vibarua wako mnawalipa kwa siku au kwa boksi? Kama ni kwa boksi, mimi naweza kukuambia mafunzo yenu yanafia wapi bila hata kufika huko. Mama mzoefu akisimama kumfundisha mgeni, maboksi yake yanapungua. Atamwonyesha kidogo, kisha atamwambia "angalia ninavyofanya", na mikono yake itarudi kwenye kasi. Simlaumu, ana ada ya mtoto. Mgeni naye, kwa kuwa anahesabiwa boksi tangu saa ya kwanza, anajifunza kukimbia kabla ya kujua anakokwenda. Wewe unaandika kwenye fomu "shika tunda kwa kiganja", mfumo wa malipo unamwambia shika lolote, haraka. Kati ya nyinyi wawili atamsikiliza nani?

Kwa hiyo kabla ya kuandaa somo lolote, nenda kwa mkurugenzi na jambo hili: anayefundisha alipwe wastani wake wa kawaida wa maboksi kwa siku zote anazofundisha, na kidogo juu. Mgeni alipwe kwa siku mpaka mwalimu wake amkubali kwenye ile karatasi ya Bwana wa Forest, ndipo aingie kwenye boksi. Na wavunaji vivyo hivyo. Rungwe mvua mnayo. Mvunaji anayelipwa kwa kreti atavuna tunda limelowa, hata umfundishe mwaka mzima kwamba tunda lililovunwa likiwa limelowa mvua linawahi kuoza. Swali la kumuuliza bosi ni hili: mvua ikinyesha, hasara ya ile siku ni ya nani? Kama ni ya mvunaji peke yake, atavuna mvuani.

La mwisho, usimchague mwenye kasi kuliko wote awe mwalimu. Mara nyingi hajui anavyofanya, mikono yake inajua. Mtafute yule ambaye watu humwendea wenyewe wakikwama.

---

MwenyeMzigo_Makambako alijibu:

Mzee wangu heshima yako, nimekusoma hadi mwisho. Lakini wewe unaongea kama mtu ambaye hatoi hela.

Mimi nina kituo cha kukusanyia mzigo, kidogo tu. Nimefundisha vijana vizuri, mkasi, kreti, kupanga kwa namba, wakiiva tu, jirani kaongeza kidogo kwa boksi, wote hao. Nimekuwa chuo cha bure. Sasa unataka nimlipe mwanafunzi ajifunze, nimlipe na mwalimu kwa maboksi ambayo hayapo? Hiyo hesabu ya kampuni kubwa.

---

AliyefungashaKiwira alijibu:

Kaka wa Makambako, samahani, mimi ni mmoja wa hao "wanaohama". Nimefungasha misimu kadhaa huku kwetu na kwingine, sasa nina genge langu la ndizi hapa Kiwira, kwa hiyo naweza kusema bila kuogopa mtu.

Sehemu moja, siitaji, hakuna aliyetuambia kwamba boksi likikataliwa na mtu wa ubora halilipwi. Tulijua siku ya malipo. Unahesabu maboksi yako kichwani wiki nzima, unafika dirishani unapewa pungufu, unaambiwa "rijekti". Rijekti ipi, nani aliiona? Wiki iliyofuata nusu yetu hatukurudi. Mwenye mali alisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Dada wa Katumba, kama unaandika cha siku ya kwanza, andika hili juu kabisa: pesa inahesabiwaje, siku gani, kwa njia gani, na boksi likikataliwa inakuwaje. Sisi boksi lililokataliwa tulikuwa tunataka kuonyeshwa tu. Ukionyeshwa, "angalia, hili limekwaruzwa na kucha, hili namba 16 umechanganya na 20", hasira inaisha na kesho hurudii. Hayo nayo si ndiyo mafunzo? Ya bure kabisa, hayahitaji turubai.

La pili, mama anayenyonyesha. Sheria inatupa hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, lakini nani kamwambia mgeni? Anakaa na maziwa yamejaa, analia chooni, wiki haijaisha kaacha kazi.

La tatu, supavaiza anayesumbua wasichana. Mwambieni msichana mpya aende kwa nani, na huyo "nani" awe mwanamke, na aonyeshwe sura yake siku ya kwanza. Na asemaye hayo awe mama mtu mzima akiwa na wasichana peke yao. Meneja mwanaume akitangaza mbele ya watu sitini, mtacheka wote na yataishia hapo.

Kushika tunda tutajifunza tu, siyo kazi ngumu hivyo.

---

FundiWaIyunga alijibu:

Naongeza kidogo tu maana Mzee kamaliza.

Kampuni yenye wafanyakazi 10 na kuendelea inalipa tozo ya ufundi stadi, ile SDL ya TRA. Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, ila kiwango cha sasa waulize TRA; inatoka kwa mwajiri na siyo kwenye mshahara wa mtu, na sehemu yake inakwenda VETA. Kwa hiyo Dada, kampuni yako kama inalipa, usione aibu kwenda VETA kuuliza kozi fupi. Kwa kazi kama kuendesha foko (gari la kunyanyulia mizigo), umeme wa chumba cha baridi na matengenezo ya mashine, hapo usitegemee mama mzoefu. Peleka mtu, apate cheti.

Na kwa wale walioshika kazi miaka mingi bila cheti, kuna urasimishaji wa ujuzi: mtu anapimwa anachokijua, anaongezewa panapopungua, anapewa cheti. Fundi wako wa mashine aliyejifunzia gereji anaweza kupita humo. Uanagenzi nao upo, kijana sehemu anakaa chuoni, sehemu anakaa kwenu kazini, lakini huo unahitaji mipango ya muda mrefu, siyo wa kuanzisha wiki ya kwanza ya msimu.

Kaka wa Makambako, jirani yako naye afundishe wake, mnaacha kuibiana watu. Au umlipe kijana vizuri. Mimi naona la pili ni rahisi zaidi.

---

MzeeWaMafinga alijibu:

Mwenye mzigo wa Makambako, hela naitoa pia, mbao hazijipasui.

Hesabu yako nimeielewa, ila umeandika upande mmoja. Weka na upande wa kreti za matunda yaliyovutwa, boksi zilizorudi, mteja aliyekata bei kwa sababu ya picha tatu kwenye barua pepe. Mshahara wa mgeni kwa siku za kujifunza unaujua kabla. Hasara ya mgeni asiyejua huijui mpaka imefika. Mimi napenda gharama ninayoijua.

Kuhusu kuhamiwa, dada wa Kiwira kakujibu vizuri kuliko nitakavyokujibu mimi. Ila nikupe moja la biashara: ahidi bonasi ndogo ya kumaliza msimu, iandikwe kwenye maelezo ya ajira tangu mwanzo, na uilipe. Mwaka wa kwanza hawatakuamini. Mwaka wa pili watakuletea ndugu zao waliokwisha kujua kazi, na hapo gharama ya kufundisha inashuka yenyewe.

Dada wa Katumba umekwenda wapi?

---

DadaWaKatumba aliandika:

Nipo Mzee, ndaga fijo. Nilikuwa kwa mkurugenzi.

Kwanza jibu la swali lako: ndiyo, ndani tunalipa kwa boksi na shambani kwa kreti. Nilimpelekea lile la mifuko. Alikunja uso, akamwita mhasibu, wakapiga hesabu mbele yangu. Amekubali nusu. Wageni wa ndani watalipwa kwa siku hadi wakubaliwe. Walimu watalipwa wastani wao, lakini ile "kidogo juu" kaikataa kwa sasa. Wavunaji kasema tuone. La mvua halikujibiwa, alipokea simu.

Nimechagua walimu kwa kuwauliza akina mama wenyewe, "mkikwama mnamuuliza nani?" Majina yalijirudia, na yule mwenye kasi kuliko wote hakutajwa hata na mtu mmoja. Mzee umenichekesha mwenyewe nikiwa peke yangu ofisini.

Nimejaribu kugawa kazi ya mvunaji. Nisahihishe:

Hatua ya kwanza, kuchagua tunda. Angalia: chukua ukubwa ulioonyeshwa kwenye sampuli, usibonyeze kwa kidole, usichukue lililodondoka, usichukue lililolowa, usichukue lenye jeraha, usichanganye aina mbili za parachichi, Hass na Fuerte. Sababu: Hass haiivi mtini, kwa hiyo kubonyeza hakukuambii kitu bali kunaumiza tunda, lililogusa udongo linaweza kubeba vijidudu, lililolowa huoza mapema.

Hatua ya pili, kukata. Angalia: mkato wa kwanza mrefu kutoka mtini, wa pili mfupi karibu na tunda. Sababu: ukikata mara moja karibu unaweza kulichana tunda au kung'oa kikonyo, ukiacha kirefu kinatoboa tunda la jirani ndani ya kreti.

Hatua ya tatu, kuweka. Angalia: tunda liwekwe kwa mkono, lisirushwe, kreti isijae kupita ukingo, kreti ikae kivulini na isigusane na udongo. Sababu: tunda lililogonga halionyeshi leo, linaonyesha likiiva, kreti ikijaa kupita ukingo, ya juu inaponda ya chini, jua linalipasha tunda moto na chumba cha baridi kinachelewa kulipoza.

Ndani, kwa wafungashaji, nimeanza na kupanga kwa namba. Namba 16 ni matunda 16 kwenye boksi la kilo 4, kwa hiyo kila tunda liko karibu na gramu 250. Nilipowaambia hivyo mama mmoja akasema, "Kumbe! Mimi nilidhani ni namba ya mteja." Amefungasha misimu mitatu huyo.

Swali moja limebaki: kumbukumbu. Karatasi ya kila mtu nimeitengeneza, lakini supavaiza wa zamu hawezi kubeba mafaili sitini.

---

MzeeWaMafinga alijibu:

Umefanya vizuri. Hatua ya pili usiiguse, iko sawa. Hatua ya kwanza umeijaza mno. Mgeni hawezi kubeba mambo sita ya kuangalia kwenye hatua moja, atabeba mawili na hutajua yapi. Toa hilo la Hass na Fuerte, hiyo ni kazi ya msimamizi wa shamba kuwapeleka kwenye miti sahihi. Toa la kulowa pia: mvua ikinyesha, msimamizi ndiye asimamishe uvunaji, usimwachie uamuzi mtu anayelipwa kwa kreti. Lililodondoka na lenye jeraha liwe jambo moja. Umebaki na matatu.

Kabla hujaiandika vizuri, mpe hiyo karatasi ya hatua, iwe kama kadi, mtu ambaye hajawahi kuvuna, mhasibu kwa mfano, aifuate kama ilivyo bila wewe kumsemesha. Atakapokosea ndipo kadi ilipo na shimo.

Kumbukumbu: tengeneza jedwali moja kubwa, libandike ukutani karibu na mlango wa zamu. Majina kushuka chini, kazi kwenda pembeni. Anayejifunza, mstari mmoja kwenye kisanduku. Anayeweza akiangaliwa, miwili. Anayeweza peke yake, mitatu. Anayeweza kufundisha, kijaze chote. Supavaiza akikosa mtu wa kupanga boksi asubuhi anainua macho tu. Mafaili yabaki ofisini kwa mkaguzi. Usiandike makosa ya watu kwenye jedwali hilo, ukiandika watalichana usiku.

La mvua umrudie bosi, simu yake ikiisha.

---

AliyefungashaKiwira alijibu:

Dada mnaandikisha lini? Nina mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha nne, mkononi mwepesi. Na boksi zinazokataliwa mmeamuaje?

---

DadaWaKatumba aliandika:

Tunaanza kuandikisha wiki ijayo, dada. Aje na namba ya NIDA na simu ya malipo, nitamhudumia mwenyewe mezani. Siku za kujifunza atalipwa kwa siku. Boksi likikataliwa bado halilipwi, hapo sikushinda, ila ataitwa aonyeshwe kabla halijafunguliwa, na akiona kaonewa kuna mama wa kumwendea. Jina na sura yake ataonyeshwa asubuhi ya kwanza.